Maharage ya Rangi Moja

Mama mkwe wangu alinikabidhi mbegu yake ya maharage mwaka wa tatu wa ndoa yangu. Alikuwa amezaa watoto wa kiume watupu. Kwao mbegu hiyo ilitoka kwa mama ikaenda kwa binti, na kwa kuwa binti hakuwa naye, ilibidi anipe mimi, mke wa mwanawe wa mwisho, niliyebaki kukaa naye nyumbani. Ilikuwa asubuhi, tumemaliza kukamua ng'ombe. Aliniita jikoni, akashusha debe kutoka darini, akalifunua na kuniambia niingize mkono.

Ndani mlikuwa na maharage yaliyochanganywa na majivu ili yasiliwe na wadudu. Niliyachota nikayapuliza, nikaona kila rangi. Kulikuwa na mekundu makubwa, meusi madogo, ya madoadoa, meupe ya rangi ya maziwa, na mengine ya kahawia, madogo na bapa, ambayo pale nyumbani yaliitwa kupe.

"Mama, mbona hayajachambuliwa?" nikauliza.

"Hayachambuliwi. Hii ni mbegu." Akachukua moja moja akanionyesha. "Meusi yanakimbia, yanazaa kabla jua halijayakuta. Haya makubwa yanataka mvua ya kutosha, yakiipata utajaza magunia. Ya madoadoa hayaozi mizizi mvua ikizidi. Sasa niambie wewe, mvua ya mwakani itakuwa ipi?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui. Ndiyo maana nayapanda yote."

Kisha akaniachia sheria. Nikishapiga maharage, kabla sijabandika hata sufuria moja, nichote mbegu kwanza, tena nichote nikitazama pembeni. Alisema shamba limeshachagua, mimi nisichague tena. Niliitikia kwa adabu zote. Nilikuwa namwogopa mama yule. Hakuwa mkali wa maneno, lakini alikuwa na tabia ya kukutazama akanyamaza, nawe ukaanza kutafuta kosa lako.

Nyumba yetu ilikuwa juu, katikati ya kihamba, yaani migomba na kahawa tuliyorithi. Maharage na mahindi tulilima shamba la chini, karibu na tambarare, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Huko juu ukungu na mifereji vilitusaidia. Huko chini mtu alikuwa peke yake na mbingu.

Miaka hiyo maduka ya Moshi yalikuwa yameanza kujaa tena. Sabuni ilirudi, sukari ikarudi, mitumba ikamwagwa sokoni. Kahawa, iliyokuwa imesomesha watoto wa mlimani tangu enzi za babu zetu, ndiyo iliyoanza kutuvunja moyo. Bei ilishuka, bei ya dawa za miti haikushikika, na watu wengine waliing'oa kimyakimya wakapanda nyanya. Mume wangu alikuwa fundi seremala, amepanga chumba Majengo, mjini Moshi, anapanda mlima kuja nyumbani Jumamosi. Sisi wengine tukaanza kuyatazama maharage kwa jicho jipya.

Mwaka mmoja baada ya mavuno alikuja mama mfanyabiashara kutoka Pasua na pikapu yake. Alichuchumaa mbele ya turubai langu, akayachezea maharage kwa vidole.

"Dada, haya ya mchanganyiko ni ya kula nyumbani," alisema. "Mjini wanataka ya rangi moja, yanayoiva pamoja. Ukinipa haya mekundu peke yake nitakuja kila msimu, mlangoni kwako."

Nilikaa siku mbili nikichambua. Alichukua mekundu yote na kunilipa vizuri, na kwa mara ya kwanza niliwapeleka watoto shuleni wakiwa na viatu wote watatu. Msimu uliofuata nilichambua tena. Msimu wa tatu, nikiwa nimeinama juu ya turubai na kiuno kinaniuma, nikajiuliza kwa nini napanda rangi tano halafu najisumbua kuzitenganisha. Nikachota mbegu nikiitazama. Nikachagua mekundu.

Sikufanya yote kwa siku moja. Mwaka ule nilipunguza kupe na meupe. Mwaka uliofuata nikaondoa ya madoadoa. Meusi niliyaacha mwisho kwa sababu yeye aliyapenda. Kwa miaka minne debe lile lilibadilika rangi, na hakuna aliyejua, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameanza kufunikwa macho na mtoto wa jicho. Shamba la chini hakwenda tena. Alikaa nje ya jiko, akimenya ndizi kwa kuzipapasa, akiniuliza habari.

"Meusi yamechanua?"

"Yamechanua, mama."

"Na kupe wapo?"

"Wapo."

Mbegu nilizozitoa sikuzitupa. Nilizipika. Niliziweka kwenye kiburu, zile ndizi zinazochemshwa pamoja na maharage hadi zishikane, nikampakulia. Alikula akasema mkono wangu umeiva. Nilisimama pale na mwiko, nikingoja aseme kitu kingine. Akanyoosha sahani nimwongezee.

Misimu ilikuwa mizuri, na hilo ndilo lililonidanganya. Shamba la rangi moja lilikuwa zuri kulitazama. Mimea ilikuwa ya kimo kimoja, maua yalifunguka wiki moja, maganda yakakauka pamoja, tukavuna kwa siku mbili badala ya kupita shambani mara tatu. Majirani walisimama njiani kulisifu. Hofu yangu wakati huo ilikuwa ya mtu mmoja tu, na mtu huyo haoni.

Kisha ukaja ule mwaka.

Masika ilianza kwa wakati. Ilinyesha wiki tano, mvua ya kutulia, na maharage yakaota yote kama yaliyopangwa kwa kamba. Yalipoanza kuchanua mvua ikakata. Wiki ya kwanza hatukushtuka. Wiki ya pili niliteremka nikakuta majani yamegeuza mgongo juu, na maua yamedondoka chini, yote, mstari hadi mstari, kwa sababu yalikuwa yamefunguka yote siku zilezile ambazo jua lilikaza. Nikatembea kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho nikitafuta hata mche mmoja uliochelewa au uliowahi. Hapakuwa na uliochelewa. Hapakuwa na uliowahi. Kimbunga cha vumbi kikapita kwenye mahindi ya jirani na kunifikia, nikafumba macho mpaka kikapita.

Shamba la jirani lilipakana na letu. Lilikuwa la mzee mmoja ambaye tulimcheka kwa kulima kizamani. Kwake pia kulikuwa kumekauka, lakini si kote. Hapa na pale, kama watu waliobaki baada ya mkutano, palisimama miche michache yenye maganda mafupi yaliyojaa. Nilivuka mpaka nikaminya ganda moja. Yalikuwa meusi, lakini kwa uchache wake hayangemtosha hata mzee mwenyewe kwa mbegu.

Nilipanda mlima siku hiyo bila kupumzika. Kichwani nilikuwa nahesabu watoto watatu, bibi mmoja, na gunia moja la mahindi lililobaki ghalani. Huko juu nako migomba ilikuwa imeanza kuvunjika shingo, mikungu haijakomaa. Mume wangu alipokuja Jumamosi alisema mjini watu hawaagizi vitanda, wanauza walivyo navyo. Alikula kidogo, akawaachia watoto.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu.

"Jua la namna hii nalijua," alisema. "Mahindi yamekufa, najua. Lakini meusi yatakuwa yamebeba. Utaniletea niyashike."

"Nitaleta, mama."

Siku tatu nikamkwepa. Nilitafuta majani ya ng'ombe mbali, nikarudi jua linazama, nikasema nimechoka. Siku ya nne nilikuwa nafua mferejini nikasikia watoto wakicheka. Nilipofika nyumbani nikakuta mwanangu mkubwa ameshusha debe la mbegu kutoka darini, kwa kuwa bibi amemtuma. Limewekwa katikati ya magoti ya bibi, limefunuliwa.

Mkono wake ulikuwa ndani hadi kwenye kiwiko. Aliugeuza taratibu. Alitoa maharage machache, akayabingirisha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, akayarudisha, akazamisha mkono upande mwingine, akatoa mengine. Alifanya hivyo mara nyingi. Niliwaambia watoto waende wakacheze kwa jirani.

"Wengine wako wapi?" akauliza.

Nikaanza kuanika nguo.

"Nakuuliza wewe. Haya yote ni makubwa. Wadogo wako wapi?"

"Mama, tuliyauza." Hapo hapo nikaona kwamba hata sasa nadanganya. "Hapana. Mengine niliuza. Mengine tulikula."

"Nani alikula?"

"Sisi sote. Hata wewe, mama."

Mkono wake ulikaa ndani ya debe. Nilisubiri anilaani. Mlimani kwetu hakuna kitu kinachoogopwa kama kinywa cha mzazi aliyedhulumiwa, na nilikuwa na watoto ambao laana ingeweza kuwatafuta. Nilipiga magoti kwenye majivu.

"Unajua sisi tulikuwa wangapi kwetu?" akauliza baadaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Wawili, mama. Wewe na mama mdogo aliyeolewa Rombo."

"Tulikuwa watatu. Wa mwisho alikufa kwa njaa nikiwa na umri wa huyu binti yako. Hatukukosa chakula kabisa. Debe hili lilikuwa darini, limejaa. Mama yangu alikaa chini yake, mtoto analia mapajani, na hakulishusha. Baba alimsihi, akakataa. Tulimzika mtoto mgombani, mvua ikaja wiki mbili baadaye, tukapanda. Wewe umezaliwa na watu waliopanda. Mume wako pia." Akatoa mkono, akaukung'uta majivu. "Mimi nilimchukia mama yangu mpaka nilipozaa. Sasa mbegu aliyoilinda namna ile mmenipikia na kiburu."

Aliinuka akishika ukuta, akaingia ndani.

Siku mbili hakula kwangu. Alikunywa maziwa tu, aliyopelekewa na watoto. Mimi sikuweza kukaa wala kulala. Kila mtoto akikohoa nilisimama. Siku ya tatu nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, jani ambalo kwetu mtu hulibeba anapoomba msamaha, na mwenye kuletewa si vizuri kulikataa. Nikalifunga fundo, nikaingia chumbani kwake, nikamwekea kiganjani. Alilipapasa mpaka akafika kwenye fundo.

"Sale nimelipokea," alisema. "Lakini sale halizai maharage. Utakwenda Rombo kwa mdogo wangu. Mama alitugawia sawa siku tulizoolewa. Kama hajawa mjinga kama wewe, atakuwa nayo."

Nilishuka basi Mkuu, huko Rombo, kesho yake karibu na saa tano, siku ya soko. Nilikuwa na nauli ya kurudi, na fungu la yale mekundu nimelifunga kwenye kanga, maana mtu haendi ukweni mikono mitupu. Kabla ya kuulizia njia nilipita sokoni kwenye maharage, na huko ndiko hofu ilikonishika. Kila mwuzaji alikuwa na rangi moja. Mafungu mekundu, mafungu ya njano, yamepangwa vizuri, safi. Nilimwuliza mama mmoja kama ana mchanganyiko. Akacheka kwa upole, akasema ule ni wa zamani, labda nijaribu kwa wazee. Nikaondoka pale nikijiambia kwamba si mimi peke yangu, na wazo hilo, badala ya kunifariji, lilinitia baridi. Kama wote tumefanya nililofanya mimi, basi hakuna nyumba ya kukimbilia.

Mama mdogo alikuwa akiishi upande wa chini, kwenye nchi kavu kuliko kwetu. Nilimkuta anapukuchua mahindi membamba. Alikuwa mrefu, mkavu, na alikuwa na ile ile tabia ya kutazama na kunyamaza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa." Nikamweleza yote, sikuficha hata kiburu. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipomaliza aliingia ndani, akakaa muda mrefu. Nilisikia vitu vikisogezwa. Nilikuwa na hakika atatoka aniambie hana.

Alitoka na kibuyu, akamimina kwenye ungo. Yalikuwa ya rangi nyingi. Nilitaka kulia, lakini nilipoinama niliona si yale niliyoonyeshwa jikoni kwetu. Meusi na kupe ndiyo yaliyojaa. Ya madoadoa yalikuwa ya kuhesabika. Mekundu yalikuwapo machache, tena madogo, nusu ya yale ya nyumbani.

"Yalitoka mkono mmoja na ya dada yangu," alisema, "lakini yamekaa huku miaka mingi. Jua la huku limewaua waliotaka maji mengi, kila mwaka kidogo kidogo. Hawa wekundu unaowaona ni watoto wa wale waliojifunza kuwahi. Sikuchagua mimi. Sasa ujue, nakupa watu wa Rombo. Huko kwenu kukinyesha sana wataugua, usije ukasema nilikupa mbegu mbovu."

"Na nikipanda wakaugua wote?"

"Wote hawataugua. Hapo ndipo ilipo faida yake." Akanitazama. "Wengi, labda."

Akanifungia kiasi cha kibaba kimoja. Nilipofungua kanga kumpa yale mekundu nilitaraji ayadharau. Aliyakusanya yote, akasema atayapanda kivulini mgombani, aone kama kuna hata mmoja atakayevumilia. Kwake mekundu makubwa yalikuwa yamekwisha tangu zamani, na yeye pia alikuwa na lake la kuogopa.

Mwaka ule tulivuka kwa kula mekundu yote yaliyobaki kwenye debe, kwa mahindi ya msaada, ya njano, yaliyowaumiza watoto matumbo, na kwa mume wangu kuuza randa na misumeno yake. Nilikuwa na kibaba cha mbegu darini na watoto wenye njaa chini yake. Hakuna aliyekaribia kufa, namshukuru Mungu. Lakini jioni moja mwanangu mdogo alilala bila kula, akauliza yale ya darini ni ya nani, na nikaelewa kilichokuwa mapajani mwa mama yake mama mkwe. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya zizi mpaka mikono iache kutaka kwenda darini.

Masika iliyofuata ilikuja kwa hasira. Ilinyesha kana kwamba inalipiza. Nilipanda kibaba changu chote upande wa juu wa shamba, kwenye mteremko, na kwa mwezi mzima kazi yangu ilikuwa kuteremka na kuangalia wanavyokufa. Meusi yaligeuka njano kuanzia chini. Ukivuta mche unakuja wenyewe, mzizi umelainika kama uji. Nilichimba mitaro ya kutolea maji kwa jembe na kwa mikono. Nilisali shambani kwa sauti, jambo ambalo sisi Walutheri hatuna mazoea nalo. Jioni mama mkwe aliniuliza habari, na sasa nilimwambia ukweli kila siku, nikiona jinsi anavyokaza kanga mabegani.

"Wangapi wamebaki?"

"Robo, mama. Labda pungufu."

"Rangi gani?"

"Madoadoa. Na meusi kidogo. Na mwekundu mmoja mmoja."

"Meusi yamebaki? Yapo wapi?"

"Kwenye mteremko huohuo, kati ya yaliyokufa. Sijui kwa nini hao hawakufa."

"Nao hawajui," alisema. "Waache wakauke kabisa."

Tulivuna vibaba viwili visivyojaa. Hatukula hata punje. Mfanyabiashara wa Pasua alikuja, akatazama, akasema pole, akageuza pikapu. Niliisikia ikiteremka na nikajiuliza kama nimepata akili au nimewakosesha wanangu ada. Mwaka huo mwanangu mkubwa alirudishwa nyumbani muhula mzima.

Msimu wa tatu mvua ilikuwa ya wastani na tukapata debe na nusu, la rangi zote, ingawa mekundu hayakuwa makubwa tena kama zamani. Mama mkwe aliingiza mkono, akakaa nao humo. Alisema haya si yake, ila yana mchanganyiko. Hakusema kwamba amenisamehe zaidi ya pale alipopokea sale, na mimi sikuthubutu kuuliza. Alifariki kabla ya masika nyingine, asubuhi, akiwa amekaa palepale nje ya jiko.

Wiki ya matanga ikaja barua kutoka Rombo, imeandikwa na mjukuu wa mama mdogo. Mama mdogo hakuweza kusafiri, miguu imemvimba. Alitutumia pole, kisha akaeleza kwamba katika yale mekundu niliyompelekea, miche minne ilivumilia kivulini na kuzaa. Mbegu yake ameichanganya na nyingine. Anaogopa, kwani mwaka huu mvua ya kwao imechelewa, na anauliza kama kwetu imeanza.

Niliandika jibu siku ileile, nimekaa kwenye ngazi, wageni wakipita na sahani. Nilimwambia kwetu bado. Nilimwambia nimechomeka kidole ardhini asubuhi na udongo ni mkavu hadi kwenye fundo la pili la kidole, na kwamba mbegu nimeigawa mafungu mawili, fungu moja la kupanda na lingine la kungoja, na kwamba mimi pia naogopa.